Chanjo Tunaitaka, Vitisho Hatuvitaki

Ndugu wafanyakazi wa machimbo, nanyi mama zetu wa Lulimba, Misisi na Lubichako, kuna neno linalozunguka kutoka shimo hadi shimo, nalo ni hili: asiye na karta ya chanjo hatashuka shimoni, hatatwanga mawe, hatapokea posho. Wengine wanalisema kwa kicheko, wengine kwa hofu. Nyuma yake linafuata neno la pili, ambalo wanawake wananong'onezana mtoni wakifua nguo: kwamba sindano hizi zinafunga uzazi. Leo tutayajibu yote mawili, na jibu letu halitampendeza kila mtu, wala kwa wakubwa wala kwetu sisi wenyewe.

Tuanze na ugonjwa, kwa maana anayesema juu ya dawa bila kusema juu ya ugonjwa anasema nusu ya maneno. Mwezi Septemba 2023, huko Kamituga, mji wa dhahabu kama huu wetu, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, ulionekana ugonjwa wa mpox wa namna mpya. Zamani watu waliupata kwa nyama ya porini. Safari hii ulipita kutoka mtu hadi mtu, kitandani na katika vyumba vya baa. Waganga waliochunguza miezi ya kwanza walithibitisha wagonjwa 108. Zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanawake, na karibu watatu katika kila kumi walikuwa watu wanaouza miili yao ili wale. Kutoka hapo ukapanda malori, ukafika Bukavu, Goma, Burundi na mbali zaidi, hata tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Dunia likaupigia mbiu ya hatari ya ulimwengu mzima. Mbiu hiyo iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Njia iliyoufikisha huko ni njia yetu sisi: mchimbaji, baa, lori, nyumbani kwa mke.

Na kwa mwanamke mwenye mimba ugonjwa huu ni mkali. Katika hospitali ya Kole, Sankuru, kati ya miaka 2007 na 2011, waganga waliwaandika wanawake wanne wenye mimba walioupata. Mmoja alizaa mtoto mzima. Watatu walipoteza watoto wao. Basi anayemwambia mama mjamzito kwamba hatari iko katika sindano tu, anamficha jambo kubwa.

Sasa tuulize: kwa nini watu wanaogopa? Wakubwa husema ni ujinga. Sisi tunakataa neno hilo. Wazee wetu walikuwa na macho, na walichokiona walitusimulia.

Wakati wa Wabelgiji mtu wa sehemu za malale hakuweza kusafiri bila pasiporti ya dawa, karatasi iliyoshuhudia kwamba ameshikwa shingo na kuangaliwa. Karatasi hiyo ilikuwa ya afya, lakini pia ilikuwa ya kujua nani yuko wapi na nani ametoroka kazi. Baada ya mwaka 1945 ikaja lomidini. Haikuwa chanjo, ilikuwa dawa ya malale iliyochomwa matakoni kwa watu wazima wasiougua, kijiji kizima katika mstari mmoja, ili ugonjwa usiwaingie. Iliangusha wengi kwa kizunguzungu. Huko Yokadouma, katika Kameruni ya Wafaransa, mwezi Novemba 1954, dawa iliyochafuka ilioza nyama za watu kwa mamia, na angalau 28 wakafa. Tena karibu nasi zaidi, katika bonde la Ruzizi, kati ya Februari na Aprili 1958, watu zaidi ya 215,000 waliitwa kwa makundi wakapewa kinywani chanjo hai ya polio ya Daktari Koprowski wa Marekani. Chanjo hiyo yenyewe huko Marekani haikupata ruhusa kamwe.

Tunayaandika haya kwa sababu ni kweli. Lakini haki inatudai tuseme na upande wa pili. Kuna waliodai kwamba ile chanjo ya Ruzizi ndiyo iliyoleta UKIMWI. Akiba iliyobaki ya chanjo hiyo ilipimwa katika maabara mbalimbali, wala haikuonekana dalili ya neno hilo. Na polio yenyewe, iliyokuwa ikiwaacha watoto wetu wakitambaa kwa mikono, ilirudishwa nyuma kwa matone. Kwa hiyo mtu asichukue dhambi ya zamani akaifanya kuwa ushahidi juu ya kila chupa ya leo. Dhambi ya wale ilikuwa kuwapanga watu kama mbuzi, pasipo kuwaeleza wala kuwauliza. Ndiyo dhambi tunayoikataa irudi, hata ikija imevaa koti jeupe.

Tuje kwa wanawake, kwa maana hapo ndipo penye uzito.

Katika ugonjwa wa Korona nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 Machi 2021. Kabla hazijachomwa, Ulaya ikasimama: watu wachache waliochanjwa walipata damu iliyoganda kichwani na tumboni. Tarehe 7 Aprili 2021 Waingereza walitoa hesabu yao: katika dozi milioni 20, watu 79 walipata shida hiyo, nao 51 kati yao ni wanawake, 19 walikufa. Kwetu kazi ilianza tarehe 19 Aprili, na dozi kama milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Angalieni vema hesabu hii. Watu 79 katika milioni 20 ni wachache sana, na Korona iliua wengi kuliko hao mara nyingi. Lakini 51 katika 79 nalo ni neno, na kila mwanamke alistahili kuambiwa kwa lugha yake, pamoja na dalili za kuangalia: kichwa kuuma sana siku kadhaa baada ya sindano, mguu kuvimba, pumzi kukatika. Je, nani katika machimbo haya aliambiwa hivyo?

Kisha mambo ya mwezi. Wanawake wa nchi nyingi walisema kwamba baada ya sindano ya Korona damu yao ilichelewa, au ilikuja nyingi kuliko desturi. Walichekwa. Wakaambiwa ni mawazo tu. Ukweli ni kwamba katika majaribio ya kwanza jambo hilo halikuulizwa vizuri, na asiyeuliza hapati jibu. Mwezi Januari 2022 huko Marekani ikatolewa hesabu ya wanawake karibu 4,000: mzunguko wa waliochanjwa ulirefuka kwa muda usiofika siku moja, kisha ukarudi kama zamani. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaagiza damu nyingi ya mwezi iandikwe katika karatasi za chanjo mbili, za Pfizer na Moderna. Basi wanawake hawakuwa waongo. Wala hawakufungwa uzazi. Uchunguzi mwingi uliofanywa haukuona chanjo hizo zikizuia mimba. Kama wangeulizwa tangu mwanzo na kuambiwa wazi, uvumi ungekosa chakula.

Tena wako wanawake walioumizwa kwa kunyimwa sindano. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambayo Agosti 2019 ilifika hata kwetu Mwenga, wenye mimba na wanaonyonyesha walizuiliwa chanjo tangu mwanzo wa kazi hiyo mwaka 2018. Wataalamu walishauri mwezi Februari 2019 wapewe, na Juni ndipo mlango ukafunguliwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Ebola ile walikuwa wanawake. Huku mama anachomwa bila kuelezwa, huku anaachwa bila kuulizwa. Mashauri yote mawili yalikatwa yeye hayupo.

Na kuna aibu nyingine ambayo haifai kupitwa kimya. Tarehe 28 Septemba 2021 tume huru ilitoa taarifa yake juu ya kazi ya Ebola: watu 83 walishtakiwa kwa kuwatumia wanawake vibaya, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya la Dunia lenyewe. Wanawake walielezwa kwamba kazi itapatikana kwa njia ya mwili. Mtu akishangaa kwa nini binti wa Beni aliikimbia gari ya waganga, na asome taarifa hiyo kwanza.

Hapa tunafika kwenye amri ya kazini. Nchi ya Kenya ilijaribu. Mwezi Agosti 2021 watumishi wa serikali walipewa siku chache tu za kuchanjwa Korona au kuadhibiwa. Mwezi Novemba waziri Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiye na karatasi hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ya Nairobi ikaisimamisha amri hiyo kabla haijaanza. Wenzetu wa Kenya walikuwa na wakili na mahakama karibu. Mama anayetwanga mawe hapa kwetu ana nani?

Fikirini juu ya mama twangaise. Hana mkataba, hana namba, jina lake haliko katika buku lolote. Pedeje wa shimo akimwambia "ondoka", ameondoka, na watoto wake wanne wanalala na njaa usiku ule ule. Amri ya chanjo ikipita, mwenye mkataba atabishana na wakubwa wiki mbili. Huyu atafukuzwa asubuhi.

Kuna jambo baya zaidi ndani yake, na wanaume wengi hawalioni. Chanjo za mpox zilizoletwa nchini si namna moja. Ile ya Denmark, iliyoanza kuchomwa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, haizaliani mwilini, na Shirika la Afya limeruhusu wenye mimba wapewe pale ugonjwa ulipo, faida ikipita hatari. Ile ya Wajapani, inayoitwa LC16, ni chanjo hai, wala haifai kwa mwenye mimba. Basi kapita akisimama mlangoni na orodha, atajuaje nani ana mimba? Itambidi aulize. Na akishaujua ujauzito wa mwezi wa pili, ambao hata mama mkwe hajaambiwa, atafanya nini na habari hiyo? Karani anayeandika haya hushika orodha za majina kila mwezi, naye anajua jinsi alama ndogo ya kalamu pembeni ya jina la mwanamke inavyoweza kumgharimu kazi yake. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mimba si sababu ya kuvunja mkataba. Lakini aliyeambiwa "kazi imepungua" atathibitishaje kwamba ni mimba?

Kwa hiyo hatusemi "chanjo hapana". Anayesema hivyo, na hasa anayesema hivyo huku mwenyewe amechanja watoto wake kule Uvira, anacheza na maisha ya watu. Tunasema: mambo ya sindano yawe kati ya mtu na mganga wake, katika dispensari au hospitali, na kampuni isishike karta. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inasema mwanadamu ni mtakatifu na mwili wake una haki ya kutoguswa. Mkono wa mfanyakazi haukuandikwa katika hesabu ya vyombo pamoja na nyundo na pampu.

Wakubwa wakitaka watu wachanjwe, kazi wanayo, wala si ya vitisho. Ile Sheria ya Kazi inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Basi walete waganga wa Zone ya Afya ya Kimbi-Lulenge mpaka machimboni, na watoe gari, maana chanjo ya mpox hutaka baridi kali na barabara yetu mnaijua. Waje na wauguzi wanawake, wakae na wanawake peke yao, waseme Kiswahili na Kibembe. Mtu akichanjwa aweza kuumwa mkono, kichwa na viungo, au kushikwa na homa siku moja au mbili. Siku hizo azilale nyumbani na kulipwa, kwa maana wengi tunaowasikia wakikataa hawaogopi sindano hata kidogo, wanaogopa kukosa franka za siku mbili. Akipatwa na jambo kubwa zaidi, gharama zisiwe juu yake. Na twangaise wahesabiwe katika haya yote sawasawa na mwenye mkataba.

Nasi wanaume tuna letu. Ugonjwa wa Kamituga haukupelekwa nyumbani na wake zetu. Haifai kumkaripia mama kwamba amekataa chanjo huku wewe mwenyewe unatoka baa ya Misisi na vipele umevifunika na shati.

Mama, siku mganga atakapokuja, muulize kabla hujakunja mkono wa nguo: chanjo hii ni ipi, ile hai au ile isiyozaliana? Nina mimba, au nadhani ninayo, je, inanifaa? Ninanyonyesha, je? Nitaona nini kesho, na nikiona jambo lisilo la kawaida nirudi kwa nani? Dozi ya pili ni lini? Ile ya Denmark hutolewa mara mbili, majuma manne kati. Mganga mwema atajibu yote, tena kwa subira. Akikataa kujibu, mwite mwenzake. Na kapita akikufukuza kwa sababu umeuliza, njoo na shahidi mmoja, au andikiwa barua, ukitaja siku, mahali na maneno aliyoyasema. Barua hizo tutazipokea Lulimba kila Jumamosi baada ya soko, na zitapelekwa Baraka kwa mkaguzi wa kazi pasipo kutaja ugonjwa wala mimba ya mtu yeyote.