Mbwa wa Karatu na Ngorongoro: Dhamana ni ya nani?

Katika vijiji vya Karatu, kuanzia Rhotia hadi mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, na katika maboma ya Wamaasai kule Endulen na Nainokanoka, mbwa ni sehemu ya kaya. Usiku hulinda mbuzi dhidi ya fisi na chui, mchana huwafuata watoto machungani. Lakini mbwa huyo huyo akimng'ata mtoto wa jirani, ghafla hukosa mwenyewe. Kila anayeulizwa hujibu kwamba huyo ni mbwa koko tu.

Jibu hilo linastahili kuchunguzwa. Wataalamu waliofanya kazi kwa miaka mingi kuizunguka hifadhi ya Serengeti wameonyesha kuwa mbwa walio wengi tunaowaona wakirandaranda wana wenyewe. Wanazurura kwa sababu hawafungwi wala hawalishwi vya kutosha, wakawa wanajitafutia riziki majalalani na kwenye machinjio. Mwenye nyumba akihama humwacha nyuma. Jike akizaa, watoto wasiotakiwa hutupwa kando ya barabara. Hivyo ndivyo mbwa koko anavyopatikana. Hakuteremka kutoka mlimani.

Balaa kubwa zaidi ya meno yenyewe ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, tiba haipo tena na kifo ni karibu yakini. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 1,500 kila mwaka hapa Tanzania, na yale ya mwaka 2015 yakataja takriban watu 59,000 duniani kote. Wanaoumwa zaidi ni watoto.

Cha kusikitisha ni kwamba kifo hiki kina kinga iliyojulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeng'atwa, mwaka 1885. Tatizo ni kuifikia. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, ukachapishwa mwaka 2008, ulieleza jinsi familia maskini zinavyochelewa kupata sindano kwa sababu ya gharama na umbali. Mtu wa Kakesio aliyeng'atwa leo hana budi kutafuta nauli, kisha fedha za dozi ya kwanza, kisha arudi tena na tena hadi amalize. Wengi hukata tamaa njiani. Kumchanja mbwa ni rahisi mno kuliko haya, na ndiko kunakokata mzizi wa ugonjwa. Utafiti mwingine wa wilaya hizo hizo, wa mwaka 2009, uligundua kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushei tu. Mnyororo huu, kwa hiyo, ni mwembamba. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, hukatika.

Hapa ndipo baadhi ya Waislamu wanapojitenga. Husema: sisi hatufugi mbwa, mbwa ni najisi, shauri hilo ni la wenyewe. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, mbwa ni najisi, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kumfuga isipokuwa kwa ajili ya mifugo, shamba au uwindaji. Lakini tazama: mifugo na shamba ndiyo maisha ya Karatu na Ngorongoro! Ruhusa ipo, na ruhusa huja na wajibu. Unajisi ni hukumu ya twahara. Haukuwa kamwe kibali cha kumtesa kiumbe au kumpuuza. Mtume huyo huyo ametusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Ametusimulia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Anayemfunga mbwa mnyororo siku nzima bila maji ajipime kwa hadithi hizo mbili.

Ama kuhusu madhara kwa watu, wanavyuoni wengi wa fiqhi wamesema wazi kwamba mwenye kufuga mbwa aliyejulikana kwa ukali, kisha akamwachia akajeruhi, hulazimika kulipa. Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtwika mwenye mnyama jukumu la kumtunza. Kilichokosekana ni mwenyekiti wa kitongoji anayethubutu kumuuliza jirani yake: mbwa huyu ni wako au si wako?

Anayedhani kuwa mahali penye Waislamu wengi na mbwa wachache hapaguswi, aitazame Pemba. Baada ya kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarejea na kuua watu. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 kikatokomezwa tena. Wapemba hawakusubiri kwanza wakubaliane kama mbwa ni wao.

Wanyamapori nao wanadaiwa katika hesabu hii. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao chanzo chake kilihusishwa na mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani karibu 1,000. Wageni wanaopita Karatu kuelekea Kreta, ambao biashara nyingi za mji huo zinawategemea, hawaji kutazama mizoga.

Limebaki jambo moja ambalo watu hulikosea. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Udongo uliotajwa katika hadithi ya kuosha mara saba ni wa chombo kilichorambwa na mbwa. Usipakwe kwenye kidonda. Na siku ya chanjo ikitangazwa, watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani kwa kisingizio kwamba bado ni wadogo, maana nao huchanjwa. Kwa kawaida ni watoto wetu wanaowakokota mbwa hao kwa kamba hadi kwa ofisa mifugo, wakati watu wazima wameketi barazani. Imamu anaweza kulisema hilo baada ya swala ya Ijumaa kwa dakika moja, na kumtaja kila baba kwa jina la kitongoji chake.