Skrini nyeusi haiumi
Hoja kwamba uzuri wa amri za Linux ni kasi ya kuchapa hainiingii. Utamu wa amri za Linux ni kuziunganisha. Chukua faili la logi za seva lenye mistari laki kadhaa. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, kompyuta dhaifu inaganda. Mimi naandika:

cut -d' ' -f1 access.log | sort | uniq -c | sort -nr | head

Amri ya kwanza inachomoa anwani za wageni, ya pili inazipanga, ya tatu inahesabu kila moja imejirudia mara ngapi, na mwisho napata kumi zilizobisha hodi zaidi. Kile kistari cha wima ndicho kinachopitisha kazi kutoka amri moja hadi nyingine. Kimo kwenye Unix tangu 1973 na hakijabadilika, wakati menyu za programu za ofisini kila toleo jipya unaanza kusaka kitufe upya!

Halafu kuna ssh. Hata bando likiwa la kuungaunga unaingia kwenye seva ya mbali, maana yanasafiri maandishi tu.

Ila vijana, rm, amri ya kufuta faili, haina pipa la taka. Someni mwongozo wake kwa man rm kabla hamjaigusa.