Bomba la Kanzenze na Deni la Niboye

Wataalamu wa mazingira wana neno wanalolipenda: jadidifu. Limetokana na jadidi, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kitu kipya. Ndipo tunaposema nishati jadidifu kwa umeme wa jua na upepo, na maji jadidifu kwa maji yanayotekwa leo na kurudishwa kesho na mvua. Neno lenyewe ni zuri, lakini lina hatari yake. Humfanya msikilizaji adhani kwamba maji hujirudisha yenyewe, hata sisi tukilala. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba sivyo. Maji hubaki jadidifu pale tu ambapo wanadamu wanatimiza wajibu wao, na mji unaokua kama Kigali una deni kubwa katika wajibu huo.

Tuanze na Niboye. Hii ni moja ya sekta za wilaya ya Kicukiro, yenye seli tatu: Gatare, Niboye na Nyakabanda. Ni mahali pa makazi hasa, pa nyumba zilizopangana juu ya miteremko, na kila mwaka nyumba mpya huongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 318,564 katika wilaya nzima ya Kicukiro. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 491,731. Fanya hesabu, utaona kwamba katika miaka kumi waliongezeka watu 173,167. Ni kana kwamba kila kulipokucha watu 47 wapya walibisha hodi wilayani, kila mmoja na ndoo yake mkononi. Chemchemi za kale za mabondeni zisingeweza kuwatosheleza wote hao. Ilibidi maji yatafutwe mbali zaidi.

Yakatafutwa Kanzenze. Ukiteremka kutoka Kicukiro kwa barabara iendayo Bugesera, unapita Gahanga, kisha unafika kwenye daraja la mto Nyabarongo. Huko ndiko kilikojengwa kiwanda cha kusafisha maji kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2015 kati ya serikali ya Rwanda na kampuni ya Metito yenye makao yake Dubai. Mkataba huo ni wa miaka 27, na kiwanda kilizinduliwa mwaka 2021. Kina uwezo wa kutoa mita za ujazo 40,000 kwa siku: 30,000 kwa ajili ya Kigali na 10,000 kwa ajili ya Bugesera. Shirika la umma la maji, WASAC, huyanunua maji hayo na kuyafikisha kwa wananchi.

Takwimu za mita za ujazo humpita msomaji kama upepo, basi tuzigeuze ziwe madumu, au ijerekani kama tusemavyo kwa Kinyarwanda. Dumu la kawaida hubeba lita 20. Sehemu ya Kigali peke yake ni madumu milioni moja na nusu kila siku. Kazi ya kuyapandisha si ndogo. Nyabarongo hupita bondeni, katika mwinuko wa takriban mita 1,350 kutoka usawa wa bahari, ilhali vilima vingi vya Kigali vimevuka mita 1,500. Mvuto wa dunia unayataka maji yabaki chini. Ni pampu na umeme vinavyoyalazimisha kupanda mpaka kwenye matangi ya vilimani, ndipo yateremke kwenda majumbani. Kila dumu linalofika juu limelipiwa umeme.

Lakini Kanzenze nayo huyapata wapi? Visima vyake vimechimbwa kando ya Nyabarongo, na huvuta maji yaliyojificha ardhini katika bonde la mto huo. Sasa ufuate mto kuelekea juu. Mojawapo ya mito inayoulisha Nyabarongo ni Mukungwa, utokao ziwa Ruhondo, kaskazini mwa nchi. Ruhondo hupokea maji ya ziwa Burera, na Burera hupokea maji ya kinamasi cha Rugezi. Mkulima wa Rugezi na mwalimu wa Niboye huenda wasikutane maishani mwao, lakini wamefungwa na mkondo mmoja.

Rugezi ilitufundisha somo ambalo kila raia wa Rwanda anapaswa kulijua. Kinamasi hicho ni kama sifongo: hufyonza mvua nyingi kwa mara moja, kisha huziachilia kidogo kidogo mwaka mzima. Watu wakachimba mifereji, wakakikausha ili walime. Udongo wa miteremko iliyokuwa wazi ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mvua nazo zilipopungua na usimamizi wa mitambo ukalegea, kina cha ziwa Burera kilishuka vibaya, na kituo cha umeme cha Ntaruka kikakosa maji ya kuzungusha mitambo yake. Nchi iliingia gizani, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Baadaye kilimo kilizuiwa ndani ya kinamasi, miteremko ikawekewa matuta, miti na majani yakapandwa, na maji yakarudi. Maji ya Rugezi yalikuwa jadidifu, yakaacha kuwa jadidifu, kisha yakawa jadidifu tena. Kilichobadilika zaidi ya yote ni mwenendo wa watu.

Hapo ndipo lilipo deni la kwanza la Niboye: deni kwa watu wa juu ya mto. Tunapomwambia mkulima asilime kinamasini, tunamwomba aache chakula chake ili sisi tupate kinywaji chetu. Ombi hilo ni la haki ikiwa tu nasi tunatoa kitu. Kwa maoni yangu, sehemu ndogo ya kila bili ya maji ya Kigali ingetengwa waziwazi kwa ajili ya matuta, miti na riziki mbadala za wakulima wa vyanzo, na kila mteja aione imeandikwa kwenye bili yake. Nasi hapa mjini tutunze vinamasi vyetu. Viwanda vya Gikondo vilihamishwa kutoka bondeni, na bonde la Nyandungu likageuzwa kuwa bustani ya umma. Kigali haiwezi kumkataza mtu wa Burera kile inachokiruhusu mlangoni pake.

Deni la pili ni kwa majirani wa bomba. Afrika Mashariki ina mifano miwili inayostahili kulinganishwa. Tangu enzi ya ukoloni, chemchemi za Mzima, zilizomo katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, hupeleka maji kwa bomba refu hadi Mombasa. Wakazi wa kaunti ya Taita-Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji hutoka kwao na kuwapita, wakabaki na kiu huku wakisikia mvumo wa bomba. Nchini Tanzania, mradi wa kutoa maji ya ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, ulivihudumia pia vijiji vilivyo kando ya bomba. Rwanda ilifanya vema kuitengea Bugesera robo ya maji ya Kanzenze tangu mwanzo. Lakini fungu lililo katika mkataba ni ahadi tu mpaka lifike kwenye kilindo cha maji kijijini. Bugesera ni nchi ya ukame iliyozoea kusubiri, nayo pia inakua, kwa kuwa uwanja mpya wa ndege unajengwa huko. Siku mgawo utakapopungua kwa sababu ya kiangazi au kuharibika kwa pampu, nani atakatiwa kwanza: mwenye bustani Kigali au mwenye mbuzi Bugesera? Jibu linapaswa kujulikana kabla ya siku hiyo kufika.

Deni la tatu ni la hapa nyumbani, nalo linaniuma zaidi. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi moja ya maji yaliyosafishwa nchini Rwanda yamepotea bila kulipiwa. Mengine yamevuja katika mabomba yaliyochakaa, mengine yameibwa kwa viungo vya siri, mengine yamepita katika mita zisizohesabu sawasawa. Chukulia kwamba kati ya yale madumu milioni moja na nusu ya Kanzenze, theluthi moja inapotea njiani. Hayo ni madumu laki tano kila siku: yamevutwa ardhini, yamesafishwa, yamepandishwa kilimani kwa umeme, kisha yamemwagwa. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Tone kwa tone, huisha mto.

Anayelipia hasara hiyo ni maskini. Kwa bei zilizotangazwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, mwaka 2019, mita ya ujazo ya nyumbani katika daraja la chini iligharimu faranga 340. Mita moja ya ujazo ni madumu 50. Kwa hiyo dumu lilikuwa chini ya faranga 7. Bomba linapokauka, mwenye tangi hutumia akiba yake, na asiye na tangi humwendea mchuuzi wa baiskeli. Mchuuzi akiuza dumu kwa faranga 100 tu, mnunuzi amelipa zaidi ya mara kumi na nne ya bei halali. Ndiyo maana nasema kwamba bomba linalovuja ni kodi inayotozwa wasio nacho.

Najua hoja ya upande wa pili. Wengine watasema: “Sisi ni wateja. Tunalipa bili, yaliyobaki ni kazi ya WASAC, ya wahandisi na ya wizara.” Hoja hii ina ukweli wake. Raia hawezi kushika nyundo na kuziba bomba kuu, na serikali haiwezi kukwepa kazi yake kwa kuwahubiria wananchi kufunga koki. Lakini mteja na raia si mtu mmoja. Mteja huuliza, “Maji yangu yako wapi?” Raia huuliza, “Maji yetu yametoka wapi, yameishia wapi, na nani hakupata?” Mteja akikosa maji hununua tangi kubwa zaidi. Tangi hilo likijaa, sauti yake hunyamaza, na jirani yake hubaki peke yake katika kudai haki.

Raia wa Niboye, basi, afanye nini? Yako mambo matatu. Kwanza, atumie imihigo. Unajua kwamba viongozi wa wilaya wamekuwa wakitia saini mikataba hiyo ya utendaji mbele ya Rais. Mara nyingi ni rahisi kuahidi kilomita za bomba, kwa kuwa bomba huonekana na hupigwa picha. Tuombe ahadi ya namna nyingine: saa ambazo maji hutoka kwa juma katika kila seli, na siku zinazopita kati ya kuripotiwa kwa mvujo na kuzibwa kwake. Pili, mkutano unaofuata umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, uwe mahali pa kuhesabu mivujo ya mtaa na kuiandika kwenye daftari moja, ili shirika lipokee orodha badala ya manung’uniko. Tatu, tukinge mvua. Kigali hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kila milimita inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 hupokea lita 50,000, sawa na madumu 2,500. Maji hayo yanafaa kwa kufulia, kudekia na kumwagilia, na yakikingwa hayachimbi makorongo wala kupeleka udongo Nyabarongo.

Kiswahili kina hekima moja ndogo ambayo wanafunzi wangu huipita bila kuiona. Neno bomba hutaja mfereji mrefu unaosafirisha maji, na hutaja pia ile koki ya mwisho unayoifungua kwa vidole viwili. Tunasema “bomba limepasuka barabarani” na “funga bomba la jikoni” kwa neno lile lile. Lugha haikuona sababu ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Nasi tusivitenganishe. Mkataba wa Kanzenze utakapokwisha, wewe unayesoma darasani leo utakuwa mzazi, pengine mhandisi, pengine meya. Kiwanda kinaweza kujengwa upya kwa fedha. Kinamasi kilichokufa na jirani aliyepoteza imani hurejeshwa kwa taabu zaidi.

Kazi yako ya juma hili ni hii. Uliza nyumbani au shuleni maji yenu yanatoka kituo gani: Kanzenze, Nzove, au kwingineko. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu. Ya kwanza ieleze safari ya maji hayo tangu yaliponyesha kama mvua hadi yalipofika kikombeni mwako. Ya pili iwe barua fupi kwa mtu mmoja anayeishi juu ya mkondo huo, ambaye humjui. Mweleze unachomwomba akitunze, na usisahau kumweleza utakachompa wewe.