Vichwa vya dizeli navyo vina historia

Wapenzi wa reli wa Afrika Mashariki wana udhaifu mmoja: moshi. Ukiwatajia vichwa vya mvuke vya Garratt vya klasi ya 59, vile 34 vilivyoundwa na Beyer Peacock na kupewa majina ya milima, watazungumza hadi chai ipoe. Mount Gelai imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na inastahili. Lakini dizeli zilizokuja kuipokonya kazi hutajwa kama mwizi aliyeingia usiku.

Si haki.

Klasi ya 90 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki ilianza kuingia mwaka 1960, ikitoka English Electric, karakana ya Vulcan Foundry mjini Newton-le-Willows. Mwaka huohuo karakana hiyo ilianza kutoa Class 37 kwa ajili ya reli za Uingereza, ambazo hatimaye zilifika 309. Injini zao ni za ukoo mmoja, za silinda 12. Ya kwetu ilitoa nguvu farasi 1,840. Baadaye klasi ya 90 ikapata mdogo wake, klasi ya 91, yenye silinda 8.

Tofauti ilikuwa miguuni. Reli yetu ilikuwa na upana wa mita moja tu, na vyuma vyake vilikuwa vyepesi. Kwa hiyo kila upande wa kichwa ulifungwa ekseli tatu za kuvuta na moja ya mbele isiyovuta chochote, kazi yake kubeba uzito na kuongoza njia kwenye kona. Jumla ekseli nane. Huo ni uhandisi uliopimwa kwa ardhi yetu, si mtumba wa Ulaya.

Shirika liliposambaratika mwaka 1977, Kenya ilizibatiza zake klasi ya 87. Uganda nayo ikanunua vichwa vya Henschel kutoka Ujerumani. Vulcan Foundry ilifungwa mwaka 2002, ilhali Class 37 kadhaa bado zinavuta treni Uingereza, na nyingine zinatunzwa na watu wa kujitolea.

Hospitali mpya ya Mulago jijini Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1962, ni rika la mashine hizi. Kutoka hapo hadi Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kiira, unafika kwa miguu. Wakuu wa reli na wa makumbusho wakae meza moja, wachague kichwa kimoja cha dizeli kabla hakijakatwa kuwa chuma chakavu, wakiweke pale watoto wa Kampala wakipande.