Chumba kikiongezwa, umeme nao upimwe

Na Aikande Mmari

Nyumba za huku kwetu Kilimanjaro hazijengwi zikaisha. Kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu na Rombo, kihamba, yaani shamba la familia, hurithiwa kizazi hadi kizazi, na nyumba ya baba huongezwa chumba cha kijana, jiko la nje na banda la ng'ombe. Desemba inapokaribia, watoto walioko Dar es Salaam wakijiandaa kuja kula Krismasi, huongezwa pia bafu la ndani. Mjini Moshi, katika mitaa kama Pasua na Majengo, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja hugawanywa vyumba vya kupangisha, kila mpangaji na friji yake, pasi yake na jiko lake la umeme. Kila ongezeko linavuta waya kutoka mahali fulani, na waya huo ndio hoja yangu wiki hii. Utaratibu wetu unaiangalia nyumba siku inapounganishiwa umeme kwa mara ya kwanza, kisha unaiacha ibadilike miaka na miaka bila mtu kupima wala kuandika chochote. Tunahitaji kanuni fupi ya kazi ndogo za umeme majumbani, inayosema ipi ifanywe bila karatasi, ipi iachiwe cheti na ipi itolewe taarifa.

Mwanzo wa safari tumeuwekea ulinzi. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, EWURA hutoa leseni kwa wanaofunga umeme, kwa madaraja yanayolingana na uzito wa kazi. Anayeomba kuunganishwa na TANESCO hupeleka mchoro wa nyaya za nyumba yake uliothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Vijijini, ada ya kuunganishwa imeshushwa hadi shilingi 27,000, na miradi ya REA imepandisha nguzo mlimani hadi kwenye vitongoji vilivyokuwa vikitegemea vibatari. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini wajibu wa TANESCO unaishia kwenye mita. Kilicho nyuma ya mita ni cha mwenye nyumba. Nyumba iliyochorwa na vyumba vitatu inaweza leo kuwa na saba, na mchoro ulioko ofisini bado una vitatu.

Tuangalie kwa karibu heater ya shawa, kifaa kinachopendwa sana mlimani kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Nyingi hutumia wati 5,500 hivi. Gawanya kwa volti 230 upate karibu ampia 24. Waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba kwa kawaida hulindwa na breka ya ampia 10 au pungufu. Fundi anayeharakishwa, akiona waya wa taa ndio ulio karibu na bafu jipya, huunga hapo hapo. Breka inakata kila mtu akifungua maji, mwenye nyumba analalamika, na fundi anaondoa breka ya 10 na kuweka ya 32. Malalamiko yanakwisha na hatari inaanza, kwa sababu mkondo ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Waya huo umelala juu ya dari ya mbao, na ganda lake la plastiki hukauka na kupasuka taratibu bila mtu kuliona. Siku moto utakapowaka, taarifa itasema ni hitilafu ya umeme, na hakuna karatasi itakayoonyesha nani alibadilisha breka, lini, na kwa nini.

Hatari ya pili haina moshi. Nyumba nyingi hutegemea ethi yake yenyewe, yaani nondo iliyopigiliwa ardhini, na ardhi ikikauka kiangazi uwezo wa nondo hiyo kupitisha umeme hupungua. Tuseme upinzani wake umefika ohm 50. Waya ukigusa chuma cha heater, umeme utakaopita kwenda ardhini ni kama ampia 4.6 tu. Breka ya ampia 32 haitashtuka hata kidogo, na chuma kitabaki na umeme mpaka mtu mwenye mwili uliolowa akishike. Kinachookoa hapo ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, chenye kukata umeme pale unapovuja miliampia 30. Kama kinafanya kazi, hakuna macho yanayoweza kusema, lazima kupima. Ndiyo maana kazi inayoonekana ndogo haiwezi kuhukumiwa kwa kutazama tu kwamba taa imewaka.

Pendekezo langu ni ngazi tatu. Kubadilisha swichi, soketi au kishikilia taa kilichoharibika kwa kingine cha aina ile ile kusihitaji karatasi yoyote. Kuongeza soketi au taa kwenye sakiti iliyopo kuachiwe cheti cha ukurasa mmoja: namba ya leseni ya fundi, ukubwa wa waya na breka, na vipimo vya ethi na RCD, kikae kwa mwenye nyumba. Sakiti mpya, kubadilisha meni swichi, kazi yoyote ya bafuni na kuvuta umeme kwenda jengo jingine kiambani kutolewe taarifa. Uingereza imetufunza kuhusu mipaka hii. England na Wales zilianza kudai taarifa za kazi za umeme majumbani Januari 2005 kwa orodha pana, na Aprili 2013 orodha ya England ikapunguzwa, ikibakiza hasa sakiti mpya, ubadilishaji wa meni swichi na kazi za karibu na bafu. Sisi tunaweza kuanza na orodha fupi.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi aliyehangaika kupata shilingi 27,000 asiongezewe gharama. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu taarifa inapaswa kuwa bure, na kazi za kawaida zisiguswe kabisa. Anayenunua heater na kujenga bafu ameshatumia fedha nyingi kuliko malipo ya kupimiwa ethi. Wengine watasema mafundi wa mtaani watakosa ugali. Wengi wao wana ujuzi wa kweli walioupata kazini bila kukaa darasani, na VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti mafundi wa namna hiyo. Kanuni iende sambamba na kampeni ya kuwarasimisha, chuo cha VETA Moshi kikihusishwa, na waliokwisha kuomba wapewe muda kabla ya adhabu yoyote.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la urasimu na rushwa: kwamba tutazaa mkaguzi mwingine wa kupewa chochote. Jibu ni kutomweka mkaguzi mlangoni. Kila nyumba yenye LUKU tayari ina namba ya mita. Fundi atume taarifa na vipimo kwa simu akitumia namba hiyo na namba ya leseni yake, mwenye nyumba apokee ujumbe wa kuthibitisha, na EWURA ichague nyumba chache za kukagua bila fundi kujua ni zipi. Wajibu uwe wa fundi, maana mama wa Kiboriloni hawezi kujua tofauti ya breka ya 10 na ya 32. Na atakayenunua au kupanga nyumba aweze kuuliza historia ya umeme wake kabla ya kulipa.

EWURA inayo mamlaka ya leseni, TANESCO inayo orodha ya mita, VETA inayo mafundi wa kufundisha wenzao. Kinachokosekana ni waraka wa kuwaunganisha, na Mkoa wa Kilimanjaro unafaa kuwa wa kujaribia kwa sababu ujenzi wetu wa nyongeza una msimu unaojulikana. Wakati tukiusubiri, anayejenga kuelekea Desemba anaweza kumdai fundi mambo matatu kabla ya kumlipa: leseni yake, vipimo vya ethi na RCD, na maandishi ya kazi aliyoifanya. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa.