Barua za Chama Zisihitimu na Mhariri

Aghalabu makala za majarida ya wanafunzi hutumwa kwa anwani binafsi ya mhariri. Akihitimu, huondoka nazo, na waandishi hubaki wakiuliza kazi zao zilikwenda wapi. Waama, dawa yake si ghali. Chama hakihitaji anwani kwa kila mwanachama. Mbili au tatu zatosha, mradi zikodiwe kwa mtoa huduma anayeruhusu IMAP. Itifaki hiyo, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva. Iliyosomwa kwenye rununu huonekana imesomwa hata kwenye tarakilishi ya ofisini. POP, nduguye mkongwe, kwa kawaida huzipakua katika kifaa kimoja na kuzifuta kwenye seva. Kifaa kikiibwa, makala nazo zimeibwa. Wapo watoao anwani bure huku wakiinyima IMAP, na bure ya namna hiyo haifai kitu kwa jarida. Mweka hazina naye aulize bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipia wa kwanza, kwani punguzo la kumvutia mteja huisha. Jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani ifuatayo alama ya @, lisajiliwe kwa jina la chama, si la katibu. Na nywila zikabidhiwe pamoja na daftari la hesabu siku viongozi wapya wanapoingia.