Daktari, Pita Kwanza Kijijini

Wako watu husema kwamba daktari akiitwa ofisini, hospitali imefiwa. Ndugu msomaji, maneno hayo yana haki yake, maana madaktari wetu ni wachache na wagonjwa hawana idadi. Lakini ofisi ya afya lazima iwe na mtu, na mimi namtaka aliyekesha wodini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtazameni Leader Stirling. Alikuwa Mwingereza, daktari mpasuaji, akaja Masasi mwaka 1935 kwa kazi ya misheni ya UMCA. Kule Lulindi alipasua watu katika jengo la udongo lililoezekwa nyasi, na vijana wa palepale akawafunza uuguzi. Kisha akahamia Mnero, na baadaye Kibong'oto, kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Uchaguzi wa 1958 ulimwingiza katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Akachukua uraia wetu. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamkabidhi Wizara ya Afya, akaishika hadi 1980. Hebu pigeni hesabu: miaka 40 tangu Masasi hadi kwenye kiti, na kiti chenyewe miaka mitano tu!

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeamua kuzitanguliza zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na waziri hakuhitaji kusimuliwa zahanati ni nini. Sisemi kila la wakati wake lilikuwa jema. Sheria ya 1977 iliyozuia matibabu binafsi ya kujipatia faida ilikuja kulegezwa mwaka 1991, na kwa maoni yangu ilichelewa kulegezwa. Hata mjuzi hukosea. Ila asiyejua hukosea asitambue kwamba amekosea.

Sisi wa Mikese tuna sababu ya kulishika jambo hili. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokwisha kuiteka Morogoro kutoka kwa Wajerumani, njia ya jeshi kwenda Rufiji ilianzia hapa, ikipita Duthumi. Wapagazi walibeba vyakula na risasi katika mvua na matope, na wengi zaidi waliuawa na kuhara damu, malaria na chakula kibovu kuliko waliouawa na bunduki. Wakubwa walihesabu mizigo iliyofika. Ndivyo inavyokuwa afya ya watu ikiamuliwa na mtu asiyewaona.

Ufilipino nako upo mfano. Juan Flavier alitibu wanavijiji miaka mingi, akawa Waziri wa Afya mwaka 1992. Mwaka uliofuata wizara yake ikaanza kupeleka madaktari katika miji midogo isiyokuwa na daktari hata mmoja. Asiyewahi kutibu vijijini angeikumbukaje miji hiyo?

Basi, enyi vijana mnaosomea udaktari, sikilizeni. Ukipangiwa Matombo, Kisaki au Duthumi, usianze kuandika barua ya uhamisho kabla hujafungua begi. Kaa. Ujue mama mjamzito anateremkaje kutoka mlimani masika, barabara ikiwa imekatika. Ujue dawa zikiisha kabla ya mwezi kwisha anayelaumiwa ni nani. Ni wewe, hata kama kosa si lako. Elimu hiyo haimo darasani, na siku ukiwa mkubwa ndiyo itakayokuzuia kutia saini upuuzi.

Nasi wanakijiji tuache tabia ya kumdai mtumishi kila kitu huku analala katika nyumba inayovuja na maji anayafuata mtoni. Serikali ya kijiji inayoshindwa kumtafutia chumba kizuri isishangae akiondoka.

Na ninyi mnaoteua Waganga Wakuu wa Wilaya, nawaomba jambo moja. Kabla hamjauliza mtu ana shahada ngapi, muulizeni alifanya kazi zahanati gani, na kwa miaka mingapi.